Nasimama Hadi wa Mwisho Apite

Jumanne, 1 Machi 2005

Assia sasa hivi amesukuma ndizi yake yote ndani ya bomba la moshi la pikipiki ya Sylvère, kisha akainama, akaweka sikio, akaniuliza: "Mama, inakula?" Nimecheka hadi nikakaa chini. Ndizi imeingia ndani kabisa, haishikiki. Khaled ataitoa kwa waya, na Sylvère hataambiwa kitu. Yeye anafanya kazi posta, anavaa tai, na pikipiki yake anaipenda kama mchumba.

Daftari hili nimelianza leo kwa sababu jana tulipiga kura ya katiba na kila mtu anasema sasa mambo yatageuka. Kama yatageuka, nataka niwe nimeandika. Nilifika darasa la sita, kwa hiyo makosa yatakuwepo. Assia, ukisoma ukubwani, cheka taratibu.

Tunakaa Buyenzi, uani kwa mama mkwe wangu, Mwanvua. Mbele ni garaje ya mume wangu Khaled, nyuma tunalala sisi. Mama mkwe anauza vitenge, na sauti yake inafika sokoni kabla yake. Mama yangu mzazi, Sijaona, yuko Rumonge, huko chini kando ya ziwa. Siyo mbali. Zamani mtu alikwenda asubuhi, akasalimia, akarudi na mafuta ya mawese kabla jua halijazama. Mama alikuja kwenye harusi yangu, na wakati anarudi basi lao likapigwa risasi njiani. Alitoka kwa kutambaa kwenye mtaro. Tangu siku hiyo hapandi gari lolote, na Khaled naye hakubali mimi nipande. Assia ana miaka mitatu na nyanya yake hajamwona. Wanaongea kwenye simu ya jirani tu. Assia anaamini nyanya yake ni mtu mdogo sana anayekaa ndani ya simu.

Ijumaa, 4 Machi

Mvua. Ndizi imetoka.

Jumapili, 6 Machi

Massoudi amerudi kutoka Ulaya. Ni mtoto wa mtaa huu huu, aliondoka mwaka vita vilipoanza, amerudi kuzika mama yake na hajaondoka tena. Joto lote hili anavaa koti la ngozi. Leo alikaa juu ya tairi pale garajeni na wanaume wote wakaacha kazi.

"Kule Hispania ya kusini," akasema, "kunakuwa na kundi. Watu wazima, wengine mvi tupu. Wanapanda pikipiki juma zima, na kiongozi mbele yao. Wanatoka Málaga, wanapanda milima hadi Ronda. Ronda ni muji umejengwa ukingoni mwa korongo, ukitema mate dirishani unaweza kwenda kunywa chai kabla hayajafika chini. Wanashuka Sevilla, michungwa imejaa barabarani na hakuna mutu anachuma, machungwa yake ni machungu. Halafu wanavuka mto, wanaingia Ureno, wanakwenda hadi pale nchi inapokwisha."

"Wanapeleka nini?" Sylvère akauliza.

"Hawapeleki kitu."

"Wanakwenda musibani?"

"Apana."

"Harusi?"

"Apana, bwana."

"Sasa wanakwenda kufanya nini?"

"Kuona."

Walicheka hadi Pierre, yule fundi wa magurudumu wa upande wa pili wa barabara, akaja kuuliza kuna nini. Kuona! Mafuta yote hayo, matako yanauma juma zima, kuona!

Mi nilikuwa nachambua mchele. Nikauliza: "Kaka Massoudi, pale munapovuka mto kati ya nchi na nchi, barière ya askari iko wapi?"

"Hakuna barière. Iko daraja. Unapita."

"Na askari wa karangamuntu?"

"Hakuna, shemeji. Unapita tu, hata mwendo haupunguzi."

Hapo kicheko kikaisha chenyewe. Sisi kutoka hapa hadi mpakani Gatumba tu, ukienda kununua sabuni za Kongo, hiyo karangamuntu, yaani kitambulisho, inatolewa mfukoni hadi inachanika.

Massoudi akasema barabara yetu ya Rumonge ina ziwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, na kwamba hata Ureno hawana kitu kama hicho. Akasema: na sisi twende kuona. Khaled akamjibu kwamba kinachoonekana kule wote tunakijua.

Mi nimelala nikifikiria neno hilo. Kuona. Mi ninataka kuona mtu mmoja tu.

Alhamisi, 10 Machi

Milio ya risasi milimani juu ya Kanyosha tangu alfajiri. Mama mkwe amekwenda sokoni vilevile.

Jumapili, 13 Machi

Kundi limepatikana. Wako sita, Massoudi kiongozi. Ameshawaambia sheria za huko alikotoka, na moja imenikaa kichwani. Kiongozi anatangulia. Wakifika njia panda, yule wa pili anasimama, ananyoosha mkono kuonyesha upande, wengine wote wanampita. Haondoki. Hata iweje haondoki, hadi wa mwisho apite. Ndiyo maana kundi halipotei, hata kama mtu wa kati hamwoni tena mtu wa mbele yake.

Nimemwambia Khaled wakati wa kula: "Mi pia nakwenda."

Kijiko kikabaki hewani.

Niandike hapa ili ieleweke: pikipiki ninajua. Fundi akipanda mwenyewe hasikii ugonjwa wa mashine vizuri, makelele yote yako chini yake. Anataka asimame pembeni, asikilize inavyopita. Kwa hiyo tangu tuoane mimi ndiye ninayezipanda, uchochoro wa nyuma, nakwenda narudi, na Khaled amebandika mgongo ukutani amefumba macho. "Rudia. Ongeza kidogo. Acha mafuta." Pikipiki zote za Buyenzi zimepita chini yangu, na wenyewe wanajua. Lakini uchochoroni ni uchochoroni.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, siyo Khaled. "Mke wa mwanangu barabarani, gauni limejaa upepo kama hema! Watu watauliza kama nimeuza ng'ombe nikanunua sarakasi."

"Mama, nitavaa suruali ndani."

"Suruali! Sikilizeni!"

Huyu mama hanipendi. Nimeamua kuliandika jambo hilo leo ili nisilirudie.

Jumapili, 20 Machi

Leo walijaribu. Kutoka hapa, Kibenga, Kanyosha sokoni, kurudi. Safari ya mtoto wa shule. Walitoka sita kwa mbwembwe, watoto wanawakimbilia.

Khaled amerudi peke yake. Sylvère amerudi saa nzima baadaye kutoka Kibenga, ameishia kwenye lango la tajiri fulani, mbwa wamekula upindo wa suruali. Pierre alipatikana Kanyosha anakunywa fanta, anangoja wengine ambao hawakufika kamwe. Massoudi alikuwa mbele na hakugeuza shingo hata mara moja.

Tatizo ni moja. Kila aliyepewa kazi ya kusimama njia panda alisimama, akanyoosha mkono, mmoja akampita, wa pili akampita, wa tatu akampita huku anapiga honi, na moyo ukashindwa. Mwanaume wa Buyenzi apitwe na kila mtu, yeye amesimama kama nguzo ya umeme! Wakatia gia wakawafukuza. Nyuma yao njia panda ikabaki tupu, na aliyekuwa bado anakuja akajipigia ramli.

"Mi siyo nguzo," Sylvère alisema, bado anaangalia upindo wake.

Jumatatu, 21 Machi

Mama mkwe amemwita Massoudi uani, amempa chai, amempa na kiti kizuri. Nilipoona kiti kizuri nikajua.

"Massoudi mwanangu. Huko Ulaya, we ulikuwa unapanda pikipiki gani?"

"Za aina nyingi, mama."

"Taja moja."

Massoudi akanywa chai. Chai ilikuwa ya moto sana kunywewa hivyo.

"Maana jana," mama mkwe akaendelea, "nimeambiwa kiongozi hakuangalia nyuma. Mi nauza vitenge. Nikipeleka wasichana wangu sokoni, natembea nimegeuza kichwa. Mutu aliyezoea kuongoza watu shingo yake inajua."

Basi akasema. Hakuwa kiongozi. Huko hakuwahi hata kupanda pikipiki. Alikuwa anaendesha gari la mizigo linalofuata nyuma ya kundi, na masanduku ya wazee wale. Ronda ameiona, Sevilla ameiona, daraja bila askari amelipita kweli, lakini siku zote akiwa nyuma ya wote, na masanduku.

Khaled alikuwa mlangoni, na nyuma yake Pierre. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unamwita Valizi, yaani sanduku la safari.

Nilimwonea uchungu, na nilimkasirikia pia. Nilikuwa nimeshamwambia mama kwenye simu kwamba tunakuja.

Jumapili, 27 Machi

Mvua siku nne. Ukuta wa choo umeanguka. Massoudi haonekani, hata msikitini anakaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Hakuna anayetaja Rumonge.

Jumapili, 3 Aprili

Leo nimesema. Nimeingia garajeni wanaume wote wapo, Assia mgongoni, nikasema kabla sijaogopa.

"Muna bahati ya kupata mutu aliyekwenda njia ile nyuma ya watu miaka yote hiyo na hakumuacha hata mmoja, na munamucheka. Kiongozi atakuwa Khaled, kila barabara ya hapa ameshajaribia freni. Massoudi atakuwa wa mwisho, na gari, kazi yake ileile. Na wa pili nitakuwa mimi. Kila njia panda mi ndiye nitasimama. Munipite wote, munipigie honi mpaka betri ife. Mi sitakufa kwa kupitwa."

Pierre akasema: "Na askari wakikuuliza?"

"Watauliza."

"Na wale wa milimani, wenye bunduki?"

Hilo siyo swali la mchezo. Nikasema ukweli. "Mama yangu alitambaa kwenye mtaro ule. Mutoto wangu anafikiri nyanya yake anakaa ndani ya simu. Nimechoka kuwapa wao barabara yetu. Nawaogopa, ndiyo, na ninakwenda."

Khaled akainama tena kwenye mashine yake. Jioni tumegombana hadi Assia akaziba masikio. Anasema mimi ni mkaidi. Nimemwambia alijua hilo kabla ya kutoa mahari.

Ijumaa, 8 Aprili

Jambo la ajabu. Mama mkwe ametangaza kwamba anakwenda Rumonge, kwenye gari, mbele, upande wa dirisha, na Assia atakaa mapajani pake.

"Kwenda kufanya nini, mama?" Khaled akauliza.

"Yule Sijaona, mama wa mke wako, alichukua sufuria yangu kubwa siku ya harusi yenu. Ile ya kupikia pilau. Miaka minne nanyamaza. Sasa nakwenda kuchukua sufuria yangu."

"Mama, tutakununulia nyingine."

"Nimesema nataka ile."

Kisha akanitupia kifurushi bila kuniangalia. Ndani suruali mbili, kitambaa kizito, kipimo changu. Kazishona mwenyewe. Sijui nimwandike vipi sasa.

Jumapili, 17 Aprili

Kibenga, Kanyosha, nyumbani. Hakuna aliyepotea!

Nimesimama kila njia panda, na kila mara wakishapita nawapita tena hadi nyuma ya Khaled. Wanawake wa soko la Kanyosha walipiga vigelegele, mzee mmoja akatema mate chini, kijana mmoja akauliza kama nimeajiriwa na polisi. Nikasimama tu, mkono umenyooka. Wakapita, wakapita, mwishoni kabisa Massoudi na kamioneti, pikapu ndogo aliyoazimwa na jirani, taa zimewashwa mchana. Alipofika kwangu aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani. Baadaye nilimuuliza maana yake. Akasema huko ndivyo dereva wa nyuma anavyomwambia aliyesimama: nimekuona, nyuma yangu hakuna mtu, uko huru.

Uko huru. Siku nzima nimepika na neno hilo.

Jumapili, 24 Aprili

Gari limechomwa njiani juzi, upande uleule wa Rumonge. Wawili wamejitoa. Siwalaumu, wana watoto. Mi pia ninaye. Khaled amekaa muda mrefu anasafisha kipuri kilichokuwa safi tayari. Nimemwambia tukisubiri barabara iwe nzuri Assia ataolewa hajamwona nyanya yake. Akasema: "Najua." Ni mara ya kwanza anasema najua.

Ijumaa, 29 Aprili

Kesho. Nimemfundisha Assia kusema shikamoo bila kukimbia.

Jumapili, 1 Mei. Rumonge.

Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha mama yangu. Mkono wa kulia bado unauma, lakini niandike kabla hayajachanganyika.

Tulitoka jana asubuhi. Kanyosha tukasimamishwa, askari walikuwa bado wanaipitia barabara kwa miguu, na upande wa milima palisikika kitu. Tukangoja hadi baada ya adhuhuri. Watu wa mabasi walikuwa wanatuangalia kama vichaa: Khaled, mimi, Sylvère na tai yake ndani ya koti la mvua, Pierre, na nyuma kamioneti, Massoudi kwenye usukani, mama mkwe dirishani kama balozi, Assia na mkungu wake mdogo wa ndizi. Barière ikafunguliwa, tukaenda.

Sikujua kama barabara ile ni nzuri. Hakuna aliyeniambia, wote wanasimulia yaliyotokea pale, hakuna anayesimulia ziwa. Maji karibu kabisa, unanusa samaki, upande wa pili milima ya Kongo imesimama ya bluu. Nilipiga kelele ndani ya kofia ya pikipiki, peke yangu. Nikafikiri: wale wazee wa mvi, hiki ndicho walichokuwa wanakwenda kukitafuta. Kuona.

Baada ya Gitaza mvua ikatushukia. Siyo mvua ya kawaida, ukuta. Mbele kidogo mto ulikuwa umekata barabara siku chache zilizopita. Daraja hakuna, kuna shimo na maji mekundu yanakwenda ziwani. Watu wa pale wamefungua njia ya udongo inayopanda kushoto, inazunguka juu na kurudi. Walikuwa wameweka matawi ya kuzuia, lakini matawi mvua imeyachukua. Anayekuja kwa gari, kwenye mvua ile, anaona lami mbele yake hadi anapokuwa hewani.

Khaled akakata kushoto. Nikasimama, nikaweka pikipiki katikati, nikanyoosha mkono. Sylvère akapita. Nikangoja. Pierre hakupita. Kamioneti haikupita.

Mtu aniambie mvua ile ilidumu muda gani, sitabisha. Mi najua tu kwamba mkono ukichoka nilibadilisha mkono.

Juu ya barabara kuna kituo cha askari, turubai na magunia. Akashuka mmoja, koplo kijana, amejifunika plastiki. Baadaye niliambiwa anaitwa Révérien.

"Mama, unauza nini hapa?"

"Siuzi. Naonyesha njia."

"Kwa nani?"

"Kwa wa mwisho."

"Barabara inafungwa saa kumi. Usiku hapa siyo pako. Ondoka."

"Afande, mi ni alama. Umeshaona alama ya barabara inakwenda nyumbani kwa sababu ya mvua?"

Akanitazama. "Alama haisemi."

"Hii inasema."

Hakucheka. Akarudi juu, na mimi nikafikiri anakwenda kumwita mkubwa wake.

Akaja Sylvère, amegeuza. "Soumaya, twende. Juu kuna nyumba, tujikinge, Khaled anangoja. Gari limeharibika tu huko nyuma, watakuja."

"Wakija watamuona nani?"

"Shemeji, utapigwa na radi. Au na kitu kingine."

"Assia iko ndani ya gari ile, Sylvère."

"Najua! Hata kama haikuwa..."

"Hata kama haikuwa, ningesimama. Lakini iko."

Hakuondoka. Alisukuma pikipiki yake pembeni akakaa juu yake, tai inachuruzika.

Kisha Khaled. Alishuka njia ile ya udongo anateleza, uso wake sijawahi kuuona hivyo. "Panda juu na Sylvère. Mi narudi nyuma kuwatafuta."

"Rudi. Nenda. Lakini mi sitoki hapa."

"Soumaya!"

"Ukipishana nao kwenye mvua hii usiwaone, watafika hapa. Wakifika hapa na mimi sipo, wataingia mtoni. We fundi, we unajua freni ya gari ile."

Maji yalikuwa yanamtiririka puani. Nilidhani atanishika mkono kwa nguvu. Alishika, akaurudisha pale ulipokuwa, juu, umenyooka kushoto, akaondoka kuelekea tulikotoka.

Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu ndani ya kofia hakuna anayeona. Niliwaona wote mtaroni, mama yangu anatambaa, Assia anatambaa. Nikasema kwa sauti: apana. Hii barabara mumeshakula vya kutosha. Huyu hamumupati. Sijui nilikuwa namwambia nani, mto au watu. Nilisema tu, na mkono haukushuka.

Koplo alirudi. Hakuwa na mkubwa wake, alikuwa na kitambaa chekundu kwenye fimbo. Akasimama ng'ambo yangu, pale lami inapokatika, akaanza kukipunga.

"Saa kumi imepita," nikamwambia.

"Saa yangu imeingia maji," akasema.

Kisha taa. Mbili, hafifu, mwendo wa konokono. Nyuma yake moja, ya Khaled. Kamioneti ikaja hadi kwangu, ikageuza gurudumu kushoto, taratibu, na Massoudi akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani.

Kwenye bodi nyuma alikuwa Pierre, amekumbatia pikipiki yake kama mgonjwa. Mnyororo ulikuwa umekatika, akajisukuma hadi chini ya kibanda, na kwenye mvua sisi wa mbele hatukumwona kubaki, Massoudi ndiye aliyemwona. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia, tulipofika, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. Anasema palisikika milio karibu, na yeye, Mwanvua, alimpigia Massoudi kelele: ondoa gari, tuna mutoto humu, huyo tutamurudia! Massoudi akazima mashine. Akasema: "Mama, mi kazi ninayoijua duniani ni hii moja. Wa mwisho hapiti mutu aliyesimama." Wakashuka wote wawili, mama mkwe na vitenge vyake, wakainua pikipiki ya Pierre wakaipandisha.

"Nilimwita muongo," akaniambia. "Kumbe alituficha tu kile alichokuwa anakijua."

Assia alitoa kichwa dirishani. "Mama! Nimeiachia pikipiki yako ndizi!" Koplo ndiye aliyepewa ile ndizi. Aliila palepale, kwenye mvua.

Tulifika Rumonge giza linaingia. Mama alikuwa mlangoni, amesimama tangu asubuhi, majirani wanasema. Amepungua. Amekuwa mfupi, au mimi nilimweka mrefu kichwani. Assia akaenda mbele yake, akamwangalia kuanzia miguu hadi kitambaa cha kichwa, akasahau shikamoo yote niliyomfundisha.

"Nyanya, umetokaje kwenye simu?"

Mama akakaa chini, palepale kwenye tope.

Leo asubuhi mvua imekata. Pierre anaunga mnyororo, Massoudi anamshikia taa mchana kweupe na hakuna anayemwita Valizi. Sylvère amekuja hapa kizingitini, amefunga tai upya, amekohoa. Anasema kesho tukirudi yeye ndiye atakuwa wa pili. Atasimama pale kwenye mto. Ameshamwambia Khaled.

Nimemwambia anaweza kusimama kwenye njia panda zote za Kanyosha akitaka, lakini pale kwenye mto ni pangu. Na mama yangu amesikia. Ameuliza gari la kurudi lina nafasi ngapi mbele. Hakuangalia mtu yeyote alipouliza, alikuwa anasugua sufuria. Ndiyo, ile sufuria. Ipo, inang'aa, na mama mkwe ameshika mkono mmoja na mama ameshika mwingine, mmoja anasema ulikopa, mwingine anasema ulinipa, na hakuna anayevuta. Sijawahi kusikia ugomvi mtamu hivi. Nikimaliza mstari huu nitamwambia mama kwamba nafasi ipo, na kwamba tukifika pale barabara ilipokatika asifumbe macho, aangalie upande wa kushoto, ataniona nimesimama na—

"Soumaya! We Soumaya! Njoo umwambie huyu mama mkwe wako!"

Mama ananiita. Haitoki kwenye simu, inatoka jikoni, na ninakwenda, ila kwanza niandike kwamba sauti yake ni—